Mia Mbili

Nilikwenda Dar na daftari la kurasa arobaini na nane,
watoto wawili,
na laki moja na themanini niliyoifunga kwenye pindo la kitenge.
Atuganile ana miaka mitatu na nusu. Lusajo
ndiyo kwanza kaacha ziwa, na usiku bado analidai.
Baba yao alibaki Tukuyu na ng'ombe anayekaribia kuzaa.
"Andika kila senti," alisema.
Nikaandika.

Tulifikia kwa dada Tusekile, Mbagala,
chumba na sebule, na feni yenye shingo mbovu
ambayo ukiiacha ijiamulie, inapuliza ukuta.
Wanangu, watu wa ukungu na sweta,
walilala sakafuni bila nguo, kama samaki waliokwisha parwa,
Atuganile akiniomba nizime jua.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
mimi sikungoja nipewe. Siku ya pili alfajiri nilishashika ufagio.
*Mchele kilo mbili, elfu sita.*

Siku ya pili baada ya Krismasi, mjini.
Makumbusho: nilisoma bei mlangoni, nikaisoma tena,
nikawaambia, humo ndani mna vitu vya kale sana.
Atuganile akautazama mlango kwa heshima.
"Tumeshaona," akasema.
*Makumbusho, sifuri.*

Kariakoo, kwenye jengo jipya la maduka,
kuna ngazi zinazotembea zenyewe.
Tukapanda. Tukashuka. Tukapanda.
Mara ya sita mlinzi akaanza kutuhesabu,
mara ya tisa akamshika Atuganile mkono wa pili,
na mara ya kumi na mbili akaniuliza, kwa sauti ya chini,
mama, kuna kitu unatafuta?
Nikamwambia ndiyo, saa nane ifike.

*Choo, mia mbili.*
*Koni moja, midomo mitatu, mia tano.*
*Choo, mia mbili.*
*Maji, mia tano.*
Na maji hayo, hesabu yake unaijua:
*choo, mia mbili.*

Feri, nauli ni mia mbili, wa mgongoni hatozwi.
Nikamnong'oneza Atuganile ajifanye mdogo.
Mtoto akapiga magoti, akatambaa hadi mlangoni
mbele ya watu na pikipiki na kreti za soda,
akilia nyaa, nyaa, kama kichanga.
Mkata tiketi akageukia upande wa pili.
Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kwenye panton nikamnyanyua aone bahari.
Akaitazama muda mrefu, amekunja uso,
uso uleule wa bibi yake akikuta taa inawaka mchana.
"Mama, nani kaacha bomba wazi?"
Sikuwa na jibu. Na Lusajo, mgongoni,
akachagua dakika hiyohiyo kukojoa,
taratibu, na moto, na bure.

Usiku nikapiga hesabu kwa mwanga wa simu.
Nilipungukiwa mia mbili.
Nikakung'uta kitenge: mchanga, tiketi iliyolowa, kifuniko cha chupa.
Baba yao akapiga. Ng'ombe kazaa, dume.
"Na ninyi mmeona nini huko?"
Nikampa mtoto simu.
Hakutaja bahari. Hakutaja hata ngazi.
Alimweleza habari za mama mmoja wa Kivukoni,
mwenye kiti cha plastiki na kisahani cha sarafu,
anayekukatia karatasi mbili, laini,
anakupa kwa mikono yote miwili, na kukwambia,
karibu mteja.

Hapo nikakumbuka ile safari ya nne,
alivyonivuta gauni na kuapa hawezi kungoja,
tukaingia, akasimama tu, amebana karatasi zake kifuani,
halafu akatoka.

Nikachukua kalamu.
*Choo (hakukojoa), mia mbili.*