Chumba Namba 9014

Liezl ametuma picha kutoka Rotterdam:
kitanda kipana kama ulingo wa majogoo,
roshani, hodhi la marumaru, bakuli la machungwa
ambayo hakuna atakayeyala.
"Miaka arobaini ya ndoa," ameandika.
"Baba, amua. Nusu nitalipa mimi."

Nikavaa miwani. Sikutazama bei.
Nilitazama pembe ya shuka.
Imekunjwa vibaya.

Nakijua chumba hiki. Au tuseme ndugu yake;
meli yangu iliuzwa vyuma chakavu,
lakini vyumba vya fahari huzaliwa mapacha.
Miaka kumi na tisa nilikitandika, asubuhi na jioni,
nikiacha chokoleti juu ya mto
kama mtu anayetega panya kwa adabu.
Najua marumaru ni ganda, nyuma yake plastiki.
Najua godoro ni lile lile la sitaha ya nne,
limevishwa tandiko nene na jina la Kifaransa.
Najua bahari ya roshani haizidi chumvi
ile ya sisi tuliolala chini, ukutani mwa injini.

Nikamwambia Perlita, aliyekuwa akimenya vitunguu saumu:
hapana.
Usiku wa kwanza ni paa letu, kabla tufani hazijarudi.
Usiku wa pili, lile jino lako.
Wa tatu mpaka wa tano, pikipiki ya Nonoy ya magurudumu matatu.
Wa sita, nguruwe mzima na majirani wote wa Molo.
Wa saba nikakosa cha kuupa,
nikasema, basi, jeneza.

Hakuinua kichwa.
"Kinyozi hajinyoi, sawa," alisema.
"Na mke wa kinyozi?"

Kisha:
"Uliniletea sabuni ndogo ndogo, mifuko kwa mifuko.
Nimeogesha watoto watatu kwa sabuni za watu
walionawa mikono mara moja wakaondoka.
Nilikuwa nazinusa, najijengea chumba kichwani:
hapa dirisha, hapa kiti, hapa wewe umeinama.
Roshani kaa nayo. Mimi nataka kusimama mlangoni
nijue ulikuwa wapi Liezl alipozaliwa,
ulikuwa wapi mama alipokata roho,
shuka ya nani ulikuwa unainyoosha."

Ya Halvorsen.
Sikumwambia, lakini nilikumbuka papo hapo.
Mzee wa Duluth, mjane, aliyelipia watu wawili kila Februari
na kutundika majoho mawili nyuma ya mlango.
Mto mmoja ulikuwa na shimo la kichwa, wa pili haukuwa nalo.
Nilikuwa naikung'uta yote miwili, sawasawa.
Siku moja aliniuliza, amesimama na soksi mkononi,
"Eligio, hivi chumba hiki kina thamani ya pesa zake?"
Nikajibu kama tulivyofundishwa: "Bila shaka, bwana."
Alinitazama kwa muda, kama mtu aliyeuziwa
kitu kile kile mara ya pili.

Leo swali limenifuata mpaka Iloilo,
na sina sare ya kujibia.

Saa nane za usiku. Ndoo inapokea tone, tone,
kutoka pale ambapo usiku wa kwanza ungeziba.
Nimehesabu bahshishi kwanza: ya mhudumu,
ya msaidizi wake, ya kijana wa nguo ambaye husahaulika.
Ndipo nikatazama bei.
Nimekohoa, Perlita akageuka.
Nimejaza tarakimu nane za kadi. Zimebaki nane.

"Umeandika?" ameuliza gizani.
"Nusu."
"Andika."

Nimemwahidi jambo moja: kule, asubuhi,
kitanda sitakigusa.
Amecheka mpaka chandarua kikatikisika.