Mzabibu wa Uru

Padri alikuja na vijiti kumi na viwili
vimeviringishwa katika kitambaa kibichi,
kutoka kijiji ambacho jina lake
lilimshinda babu ulimi.
"Kwetu," alisema, "kila mlango una shina lake,
na shina humjua aliyelipanda."

Babu Ndekirwa akachimba mashimo.
Usiku akaufungua mfongo,
zamu isiyokuwa yake. Ya Kiwelu.

Masika ikashuka toka Kibo.
Majani yakaota ukungu mweupe
kama watoto waliotoka kinuni.
Mwaka wa nne: kichala kimoja,
ukali wa kufumba jicho.

Padri alikunywa kikombe, akanyamaza sana,
kisha akamwomba bibi kata ya mbege.
Bibi Aikaruwa hakucheka.
Alionja kwanza, kama ilivyo desturi,
akampa.

Leo nang'oa mibuni nipande parachichi.
Jembe limegonga mzizi mkavu,
umejikunja kama mtu aliyelala ugenini.

Nimechuma jani la sale
nikampelekea mjukuu wa Kiwelu.
"La nini?"
"Maji," nikasema.
"Ya zamani."