Leo Umepatia

Wiki tatu mama alikifanyia mazoezi kilio kile
jikoni, amekalia mbuzi, nazi mkononi:
"Mwanangu wee! Mwanangu!"
Mara anasita, ananiuliza, "Hapo nimezidisha?"
Nami nimeshika daftari la Mwalimu Khatib,
namfuata mstari kwa mstari:
Onesho la tatu. Mchumaji ameanguka mkarafuuni.
Mama anatoka jikoni. Analia.

Konde nzima ilizoea.
Bi Raya alipika uji kwa kufuata kilio chetu,
watoto wakakiigiza njia nzima ya chuoni.

Kwa hiyo Jumanne ile,
watu wawili walipopitia nyuma, shambani,
wamemleta Shaame juu ya ubao wa mlango,
kamba ya pakacha ingali kiunoni,
na mama akatoka jikoni, akalia,
hakuja mtu.
Kilio kilipita ukuta wa udongo kama siku zote
na Bi Raya, anachambua mchele, akajibu kwa furaha:
"Ahaa! Leo umepatia!"

Baada ya arubaini mwalimu alikuja, kofia mkononi.
Mchezo tuuache, alisema.
Mama akasema tuucheze.
Sababu hakuitoa, wala hakuna aliyethubutu kuiuliza.

Ukumbi wa skuli. Karabai mbili.
Watu wamejaa hadi madirishani.
Maiti ni mimi, mdogo mtu;
sehemu hiyo ilikuwa yangu tangu mwanzo,
tangu ilipokuwa ya kuchekesha.
Nimelala juu ya jamvi, nimefunikwa shuka ya nyumbani,
nimeambiwa nisipumue kwa tumbo.

Mama akatoka jikoni, yaani nyuma ya kanga mbili zilizoshonwa.
Nikangoja.
Nilikijua kilio: pa kupanda, pa kushuka, pa kukatika.
Hakikuja.
Nikasikia nyayo, kisha magoti, kisha shuka ikafunuliwa
na pua yake ikatua utosini pangu,
ikavuta, ikavuta tena.
"Huyu hanuki karafuu," alisema,
kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi.
"Huyu siye."

Hayo hayakuwamo daftarini.
Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vifijo,
na mimi, uso wazi, macho nimeyafumba,
sikujua niyafumbue niwe Nassor
au nibaki vivyo hivyo, apate wa kumlilia.

Nilifumbua moja.
Bi Raya, viatu mkononi,
alikuwa akipenya katikati ya magoti ya watu,
akitafuta mlango.