Safu ya Sita

Nimezisimamisha mezani kama wageni wawili
waliofika pamoja na kiti ni kimoja.
Zote za shaba, zote zimefunga mkanda kiunoni.
Hii ya mia tatu sabini na tano ni ndefu,
mabega yameteremka kama ya mtu
aliyebeba maji tangu utotoni.
Ile ya mia nne hamsini na nane haina mabega,
ni mwili mmoja, mnene, hadi mdomoni.

Mimi ni Truphosa Nekesa, mtunza ghala la silaha, Kisumu.
Miaka kumi na mmoja nahesabu risasi
na sijafyatua hata moja nje ya uwanja wa shabaha.
Daftari langu lina safu sita:
tarehe, jina, aina, idadi, sababu, zilizorudi.

Usiku wa kuamkia leo kiboko katoka kwenye mafunjo ya Dunga,
kafyeka matuta manane ya sukuma wiki,
na Barnaba Ogola, aliyetoka na tochi
akidhani ni ng'ombe wa jirani,
hakurudi kuzima redio.

Sasa wamekuja wawili, matope hadi magotini.

Ogwang' anataka nyembamba.
"Hii inafika pale jicho lilipotangulia.
Teke lake ni la mbuzi.
Anayeogopa bunduki yake hufumba macho,
na aliyefumba macho anampigia nani?"

Kibiwott anataka nene.
"Mafunjo hayakupi hatua hamsini, ndugu. Yanakupa kumi.
Kwa hatua kumi sitafuti kitu kinachojua njia.
Natafuta kitu kinachofunga njia."

Sajini Wafubwa yuko mlangoni, anapiga miayo:
"Mchagua jembe si mkulima."
Hakuna anayecheka. Naye mwenyewe
anajipapasa bega la kulia,
lile ambalo tangu mwaka wa mafuriko
haliinui mkono kupita sikio.

Nazipima, moja kila kiganja.
Upande wa kushoto umezidi kidogo tu,
uzito wa pete mbili za ndoa, labda tatu.
Wananitazama kana kwamba mimi ni mizani.
Naandika: tatu, na tatu.
Chagueni huko huko, gizani.

Saa kumi na moja alfajiri, nikiwa kitandani Nyalenda,
nilisikia mlio.
Nikahesabu hadi saba.
Mlio mwingine.
Mimi niliyejidai nazijua hata kwa harufu
sikuweza kusema ya kwanza ilikuwa ipi.
Kwenye bati la nyumba yangu zilisema neno moja.

Wamerudisha nne nzima na maganda mawili, moja la kila aina.
Ogwang' anasema ni ya kwanza iliyomlaza.
Kibiwott anasema ya kwanza ilimkasirisha tu.
Nyama imeshagawanywa. Hakuna wa kuulizwa.

Jumatatu amekuja Perpetua Awino, mkewe Barnaba.
Nikamwonyesha chumba cha pili, kwenye fomu za fidia.
Akakaa kwangu.
"Nionyeshe," akasema.
Nikayaweka mezani yale maganda.

Hakulia. Aliyanusa, akakunja uso.
Kisha akaliweka lile nene chini ya mdomo
na kupuliza, jinsi watoto wanavyopuliza kifuniko cha kalamu.
Likatoa sauti ya chini, ya chupa tupu.
Akalirudisha.
Akapuliza jembamba.
Sauti ikatoka kali, safi,
hata Sajini akachungulia dirishani.

"Alitoka akipiga mbinja," akasema.
"Alikuwa anamwita ng'ombe."
Akapuliza tena, taratibu, kichwa kimeinama upande mmoja
kama mtu anayejaribu viatu.
"Hili. Hili linakaribia."

Kanuni naijua kwa moyo: ganda ni mali ya serikali,
huhesabiwa sawasawa na risasi nzima.
Nikafungua daftari. Kalamu ikagoma mara ya kwanza,
nikaichora pembeni mpaka wino ukashuka.

Safu ya sita, zilizorudi:
nne nzima.
Ganda, moja.