Nafasi ya Kidole Gumba

Kwenye kompyuta yangu, Nyamanoro,
ukurasa ulikaa kama bwana harusi:
safu tatu, picha ya dagaa, uzito, bei,
pambizo pana kulia na kushoto.
Nikajipongeza kwa chai ya maziwa.

Asubuhi nikaupeleka Mwaloni.
Mama Nyanjige akafuta mkono kwenye kanga,
akafungua simu yake yenye ufa,
akatazama, akaigeuza, akatazama tena.
"Dagaa nawaona. Bei umeificha wapi?"

Bei ilikuwa nje ya kioo,
huko kulia, kama mzigo uliosahaulika gatini Kamanga.
Mteja wa Shinyanga alishapiga mara mbili
akidhani tunauza kwa siri.

Kosa langu. Upana niliuandika kwa namba ngumu,
mia tisa na sitini,
kana kwamba dunia nzima ina meza kama yangu.

Nikakaa juu ya kreti, kompyuta mapajani,
nikaikumbuka nyumba yetu ya Mabatini
ilivyojipenyeza kati ya mawe mawili.
Fundi Lugendo alikuja na ramani ya vyumba vya mraba,
akalitazama jiwe, jiwe likamtazama,
akaikunja ramani akaitia mfukoni.
Hadi leo ukuta wa jikoni ni tumbo la mwamba,
na kabati limekatwa pembe kulifuata.
Aliyewahi kugonga kichwa ni mjomba tu,
naye alikuwa amelewa.

Basi nikafuta namba, nikaweka asilimia.
Kioo kikisinyaa, safu zishuke,
bei itangulie, picha ifuate.
Pambizo nikaibana hadi ikawa uzi;
kila nukta ni mali, nikasema.

"Sasa je?"
Akaishika simu kwa mkono wake wa kazi,
kidole gumba kikatua ukingoni,
kikameza sifuri mbili.
"Elfu tisini imekuwa mia tisa.
Wewe mtoto utanifilisi."

Kumbe pale nilipopaita patupu
palikuwa na mwenyewe.
Nikamwomba ashike tu, asiguse kitu,
nikairudisha pambizo polepole
mpaka sifuri zote zikatoka chini ya ukucha.

Alipoitwa kwenye mizani
aliiacha simu juu ya gunia:
bei wazi, kamili,
na pembeni, katika ule weupe,
gamba moja la dagaa limenata,
linang'aa.