Kuanzia Ukurasa wa Sitini na Tatu

Nilianza na karanga za Bi Mwantumu,
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
za shilingi mia mbili, bado za moto.
Nilipozimaliza nikaona mafuta yameng'arisha maneno:
mwanamke kafika mlangoni kwa mumewe,
kashika ufunguo usio wake,
na hapo karatasi ikaisha.

Kesho yake nikarudi.
"Nifungie kwa ile inayofuata."
Akanitazama kama mtu anayedai chenji
ya pesa ambayo hajatoa.

Siku nne nilitafuna karanga nisizozitamani.
Ya tano nikanunua kitabu chote kilichobaki, elfu moja,
hakina jalada, hakina jina;
zile zenye mafuta nikazipanga mbele.
Kurasa sitini na mbili za mwanzo zimeshaliwa na mji,
ziko Chumbageni, ziko Makorora,
ziko mfukoni mwa mtoto wa shule asiyejua alichobeba.

Mimi fundi baiskeli.
Miaka ishirini na sita nasoma spoku na mnyororo.
Kitabu cha mwisho nilikifunga darasa la saba
nikadhani nimekifunga kweli.

Sasa taarifa ya habari ikiisha nasoma kurasa kumi.
Si kumi na moja; alfajiri kuna breki za kukaza.
Mwanzo nilifuata kwa kidole, midomo ikicheza,
Zaina akicheka: "Unamsomea dua nani?"
Kila ukurasa una dole gumba langu la grisi,
kama mtu aliyetia sahihi kupokea mshahara.

Mshahara gani? Bei ya kuziba pancha ni ile ile.
Ila juzi mteja kanitukana, kiraka kimefumuka,
na kabla ulimi wangu haujachomoka
niliuona mfuko wa dawa unaning'inia kwenye usukani.
Zamani nisingeuona.
Nikamuuliza, nani anaumwa?
Akakaa juu ya tairi bovu, akaeleza mpaka adhuhuri.

Zaina hacheki tena.
Tunagombana usiku juu ya mwanzo tusio nao:
yeye anasema ufunguo ni wa mama mkwe,
mimi nasema uliokotwa.
Jana nimezima taa, nikamsikia gizani:
"Sasa yule, kaingia au hakuingia?"
Nikamwambia, kesho.
"Kesho nini! Washa, soma kwa sauti.
Zile karanga hukuzila peke yako."