Wa Tatu

Mawese siyanunui kwa macho.
Nachovya kidole, nalamba, nauliza:
yamekamuliwa Simbo au Mwandiga,
lini, na nani, na dumu lilibeba nini kabla.
Kwa lita ishirini za mafuta mimi ni hakimu.

Sasa nina rovu shingoni, kubwa kama kitunguu,
na kuna mtu nitamkabidhi shingo hiyo
nikiwa nimelala.

Kaka yangu alicheka: daktari hachunguzwi.
Nikamwambia, mkeo tulimchunguza
hadi upande wa bibi yake, kama wana kifafa.

Ofisini, kijana aliandika jina,
akanigeuzia kioo cha kompyuta: *leseni hai*.
Neno zuri, hai. Nikauliza, na wagonjwa wake?
Faili hilo, akasema, halifunguliwi dirishani.

Basi nikaenda kwa miguu.

Kwa Bi Mswahaba wa Katubuka,
aliyefua mashuka ya wodi miaka kumi na mmoja.
"Damu hutoka kwa maji baridi," alisema,
"isipokuwa ile ya Machi."
Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kwa Ntibashima, fundi baiskeli wa Gungu.
Mkewe aliingia chumba cha upasuaji akiongea,
akatoka hana sauti. Siku hizi hugonga sufuria:
mara moja ndiyo, mara mbili hapana.
Nikamwuliza, ungekuwa mimi, ungekwenda kwake?
Akagonga mara moja.
Nikasubiri ya pili.
Haikuja.

Nyumbani sikulala. Ndiyo ile ilinitisha
kuliko hapana zote za Kigoma.

Nikamfuata mwenyewe. Jina lake silitaji hapa.
Nilimkuta akimenya chungwa,
ganda likishuka utepe mmoja, halikatiki.
Nikautazama mkono kuliko uso.
Nikasema: daktari, umekosea wangapi?

Akaliweka chungwa mezani.
Dirishani treni ilikuwa ikijipanga kuondoka,
na kwa muda ule nilidhani nitafukuzwa.

"Watatu," akasema.
Akawataja polepole, jina na jina la baba,
kama mwalimu anayeita mahudhurio
katika darasa ambalo hakuna atakayeitika.
Wa Machi. Mke wa Ntibashima.
Na mtoto wa Kasulu, miaka sita,
ambaye hajawahi kuulizwa na mtu.

Wawili niliwatafuta mwezi mzima, soli zikaisha.
Wa tatu kanipa yeye,
na sijui nimweke kitanga kipi cha mizani:
kule walikolala wenzake,
au huku, pamoja na chungwa lililoachwa mezani
na mtu aliyeweza kusema wawili
nami nikaamini.

Fomu ya ridhaa nimeibana chini ya dumu, isipeperuke.
Imeshapata doa la mafuta
pale pale pa kutia sahihi.

Usiku nashika koo,
nayataja majina matatu, moja moja,
nisikie kama sauti bado ninayo.